Serikali Mpya, Madeni ya Zamani: Kavumu Inamdai Nani Mageuzi?

Kila uchaguzi unapokwisha Kongo, swali moja huzunguka kutoka soko la Mudaka hadi kituo cha wamotari pale Kavumu, Kivu Kusini: hii serikali mpya itabadilisha nini? Liliulizwa mwaka 2019, Félix Tshisekedi alipoapishwa kwa mara ya kwanza. Likaulizwa tena mwaka 2024, alipoanza muhula wa pili na Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa nchi yetu. Mara zote mbili majibu yaligongana. Kuna anayesema rais hana kosa, wenzake wamemfunga mikono. Kuna anayesema wote ni wezi, hakuna wa kuchagua. Yupo anayetaka vita viishe kwanza ndipo tuongee mengine, na yupo anayeilaumu katiba. Halafu Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, siku mbili baadaye wakaingia Bukavu, na wengine wakaanza kusema mjadala wenyewe umepitwa na wakati: serikali tuliyoipigia kura haipo hapa tena, tuidai nini?

Mjadala haujapitwa. Serikali hiyo itakaporudi, kwa mazungumzo au kwa njia nyingine, itarudi na ahadi zilezile, na sisi tutaipokea kwa matumaini yaleyale. Ni vizuri tujue mapema kwa nini matumaini hayo yamevunjika mara mbili ndani ya miaka mitano. Maoni yangu ni haya: mtu wa Kavumu anamdai mageuzi rais, kwa kuwa rais ndiye kiongozi anayemjua na kumpigia kura moja kwa moja, lakini sehemu kubwa ya anachodai kimekabidhiwa ngazi za chini, ambazo hazipewi pesa na hazijawahi kupigiwa kura.

Matumaini ya 2019 yalivyojengwa

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, baada ya kuahirishwa miaka miwili. Tarehe 10 Januari 2019 tume ya uchaguzi, CENI, iliyoongozwa na Corneille Nangaa, ilimtangaza Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, akimtangulia Martin Fayulu aliyepewa asilimia 34.8, na Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea wa rais aliyekuwa anaondoka. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi nchi nzima, walisema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya wao vituoni. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha hivyohivyo. Asilimia 38 zilitosha kwa sababu mwaka 2011 katiba ilirekebishwa na duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikaondolewa.

Hata waliokuwa na mashaka na hesabu hiyo walifurahi kuona Joseph Kabila akimvisha mwingine utepe wa urais tarehe 24 Januari. Tangu uhuru wa 1960 hilo halikuwahi kutokea kwa amani. Kivu Kusini ilikuwa na sababu yake ya ziada. Vital Kamerhe, mtoto wa jimbo hili, alikuwa amemwachia Tshisekedi nafasi ya kugombea kwa makubaliano ya Nairobi ya tarehe 23 Novemba 2018, kisha akawa mkurugenzi wa ofisi ya rais. Bukavu, Kabare na Walungu, wengi walimpigia kura Tshisekedi wakimtazama Kamerhe. Waliamini safari hii mtu wao yuko karibu na sanduku la pesa.

Yaliyofuata yanajulikana, ila tuyaweke kwa mpangilio, kwani mkanganyiko ulianzia hapo. Programu ya siku 100 ya rais ilianza kwa kelele za barabara, madaraja na nyumba za bei nafuu. Aprili 2020 Kamerhe alikamatwa. Juni mwaka huohuo alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu kwa wizi wa dola zipatazo milioni 50 za nyumba hizo. Mwaka 2021 rufaa ikapunguza adhabu hadi miaka 13, na mwisho wa mwaka akatoka gerezani. Juni 2022 akaonekana hana hatia, Machi 2023 akawa naibu waziri mkuu, na Mei 2024 akawa spika wa bunge la taifa. Hukumu ya kumwachia huru ni hukumu ya mahakama na iheshimiwe. Lakini raia hakuwahi kuelezwa kwa lugha ya wazi pesa zile zilijenga nini na wapi. Kesi iliyotangazwa moja kwa moja kwenye televisheni kama mwanzo wa zama mpya ilimalizika bila kumwachia mtazamaji jibu, na nadhani iliharibu imani ya watu wa Kivu kuliko hotuba yoyote ya wapinzani.

Elimu ya bure: ahadi iliyotimizwa ikabaki na deni

Ipo ahadi moja ambayo serikali ile iliitimiza, na mtu mwaminifu hawezi kuipita. Kifungu cha 43 cha katiba ya 2006 kinasema shule ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 maneno hayo yalikaa kwenye karatasi. Wazazi waliendelea kulipa minervali, yaani karo, wakaongeza primu ya mwalimu, na mtoto asiye na karatasi ya malipo alirudishwa nyumbani asubuhi mbele ya wenzake. Septemba 2019 malipo hayo yalifutwa nchi nzima. Serikali ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 4 waliingia au walirudi shuleni.

Kwa Kavumu, ambako mama anategemea shamba la muhogo na maharage au mtaji mdogo wa sokoni, lilikuwa badiliko kubwa. Familia yenye watoto watano haikulazimika tena kuamua nani asome na nani akae, na tunajua waliokuwa wakikaa ni wasichana zaidi.

Ingia sasa darasani. Benchi lililotengenezwa kwa watoto wawili limebeba wanne, wa mwisho ameweka daftari juu ya goti. Mwalimu aliyesimama mbele huenda ni N.U., yaani ameajiriwa na shule lakini jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Zamani primu ya wazazi ndiyo iliyomlisha. Serikali iliifuta primu hiyo siku moja, na jina lake ikaliacha lisubiri miaka. Hapo ndipo migomo ilipotoka, ya shule za Kikatoliki na nyinginezo, na Bukavu watoto waliingia barabarani kudai walimu wao walipwe.

Kosa lilikuwa wapi? Uamuzi ulikuwa wa haki. Kasoro ilikuwa katika mpangilio: mlango ulifunguliwa kabla ya kuhesabu vyumba, walimu na mishahara, na mahesabu yaliachwa mikononi mwa idara ambayo kila mtu alijua inavuja. Machi 2021 wakuu wawili wa wizara ya elimu, mmoja wao wa idara ya mishahara ya walimu, walihukumiwa miaka 20 kwa wizi uliopitia shule hewa na walimu hewa. Mwezi uliofuata aliyekuwa waziri, Willy Bakonga, alihukumiwa pia kwa kuhamisha pesa nje ya nchi kinyume cha sheria. Benki ya Dunia, iliyokuwa imeahidi dola milioni 800 kusaidia elimu hiyo, ilichelewesha pesa kwa sababu ya hofu hizohizo. Kwa hiyo mwalimu hewa alikuwa na mshahara, na mwalimu wa kweli wa Kabare, mwenye chaki mkononi, hakuwa nao.

Waliopitia haya mapema ni Wakenya. Serikali ya Mwai Kibaki, iliyochaguliwa tarehe 27 Desemba 2002, ilifuta karo ya shule za msingi Januari 2003, siku chache tu baada ya kuapishwa. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Madarasa yalifurika huko pia, na ubora ulishuka. Tofauti ni kwamba mwalimu wa Kenya aliyekuwa kwenye ajira ya serikali alikuwa analipwa kabla ya mageuzi na aliendelea kulipwa baada yake. Na hata Kenya ahadi nyingine zilikawia: katiba mpya iliyoahidiwa ndani ya siku 100 ilipatikana tarehe 27 Agosti 2010, chini ya rais yuleyule lakini baada ya damu iliyomwagika katika ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008.

Wanaosema tumpe muda

Hoja ya kwanza inamtetea rais. Wanaoishikilia wanakumbusha kwamba Tshisekedi aliingia ikulu bila bunge. Muungano wa Kabila, FCC, ulikuwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500, pamoja na waziri mkuu, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, na magavana wengi wa majimbo, maliwali kama tunavyowaita. Serikali yenyewe ilichukua miezi saba kuundwa. Huwezi kumlaumu dereva ikiwa usukani ameshika mwingine.

Hoja hii ina ukweli, lakini ina tarehe ya mwisho. Desemba 2020 bunge lilimwondoa spika Jeanine Mabunda. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura ya kumwangusha Ilunkamba, na wengi wao walikuwa walewale wa FCC, wamehamia muungano mpya wa rais, Muungano Mtakatifu, Union sacrée. Tangu siku hiyo rais alikuwa na bunge, serikali na majimbo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, aliopewa zaidi ya asilimia 73 za kura, alikuwa na wingi ambao Kabila hakuwahi kuupata kwa sanduku la kura. Bado ilichukua zaidi ya miezi mitano kupata serikali, na ilipotangazwa tarehe 29 Mei 2024 ilikuwa na watu 54. Safari hii hapakuwa na Kabila wa kulaumiwa. Muda ulikwenda kugawana vyeo vya uwaziri kati ya vyama vya muungano mmoja.

Kuhama kwa wabunge kwa makundi kuna upande mwingine ambao watetezi hawautaji. Rais alipata wingi bila watu kubadilika. Walioitwa kikwazo cha mageuzi mwezi Novemba waliitwa wanamageuzi mwezi Februari. Alipata kura zao bungeni, na bei yake ilikuwa vyeo.

Wanaosema ni wizi tu

Hii ndiyo hoja inayopendwa zaidi barabarani, na si vigumu kuelewa kwa nini. Wanaoitoa wanaonyesha magari ya wakubwa, posho za wabunge, kesi zinazoanza kwa kishindo na kuishia kimya. Wanasema nchi yenye kobalti, shaba, dhahabu na koltani haiwezi kukosa pesa ya madawati.

Nguvu yake ni kwamba wizi umethibitishwa mahakamani zaidi ya mara moja, na taarifa za Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, uliopata makali chini ya Jules Alingete, zilionyesha njia nyingi ambazo pesa ya umma hupotelea. Udhaifu wake ni kwamba inafanya kila kitu kuwa tabia ya mtu. Ikiwa tatizo ni wezi, basi dawa ni kutafuta asiye mwizi, na ndiyo maana kila uchaguzi tunamtafuta mkombozi. Mwaka 2023 hata Dk. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, mtu ambaye heshima yake haina mjadala, aligombea, na hakupata kura za kumfikisha mbali. Tujiulize pia: kama angeshinda, mshahara wa mwalimu wa Kavumu ungepita njia gani? Ungepita njia ileile, ofisi zilezile. Mtu safi juu ya mfereji uliotoboka hunywesha walewale waliokaa kwenye matundu.

Wanaosema usalama kwanza

Hakuna anayeishi Kivu anayeweza kuidharau hoja hii. Huwezi kuongoza jimbo ambalo mkulima anaogopa shamba lake. Wanaoitetea wanasema pesa yote iende jeshini kwanza, mageuzi ya kiraia yafuate.

Lakini jaribio lake tumeshaliona jirani. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Maliwali na mahakama za kiraia walipisha majenerali na mahakama za kijeshi, na wabunge wa majimbo hayo wakanyamazishwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo M23 walirudi vitani. Mauaji yaliyofanywa na waasi wa ADF huko Beni na Ituri hayakukoma. Miaka michache baadaye, tarehe 27 Januari 2025, Goma ilianguka, na tarehe 14 Februari uwanja wa Kavumu ukafuata, miezi michache baada ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kufunga kazi zao Kivu Kusini Juni 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika wazi juu ya msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23, na uvamizi huo haupunguzwi uzito na makosa yetu. Lakini askari asiyelipwa vizuri, ambaye chakula chake kimeliwa na mkubwa wake, hana msingi wa kusimama. Kwa hiyo jeshi nalo linasubiri mageuzi yaleyale tunayoambiwa yaahirishwe kwa ajili yake.

Kavumu yenyewe ina ushahidi kwamba usalama na haki vinaweza kutembea pamoja hata katikati ya vurugu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40, wengine wachanga kabisa, walitekwa usiku majumbani mwao na kubakwa. Mtuhumiwa mkuu, Frédéric Batumike, alikuwa mbunge wa jimbo, mwenye kinga na wanamgambo wake. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyohamia na kuketi hapohapo Kavumu, ilimhukumu yeye na wenzake kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na mwaka 2018 rufaa ikathibitisha. Hapakuwa na serikali mpya wakati ule. Kabila alikuwa bado madarakani, muhula wake umekwisha mwaka mzima. Kilichosukuma kesi ni wazazi waliokataa kunyamaza, madaktari walioandika kila jeraha, wanasheria waliozikusanya kesi ndogondogo kuwa moja, na mahakama iliyokuja mahali ambapo mashahidi waliweza kuifikia kwa miguu. Haki ilichelewa, na kwa watoto wale hakuna hukumu inayotosha. Ila badiliko hilo lilitokea kwa kuwa wenye dai na mwenye mamlaka ya kulijibu walikutana mahali pamoja.

Wanaotaka katiba nyingine

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, rais alisema katiba ya 2006 iliandikwa na wageni, kwamba inachelewesha kuundwa kwa serikali na haiendani na hali yetu, na kwamba ataunda tume ya kuandika nyingine. Kuna jambo la kweli humo: uchaguzi wa maliwali na maseneta kupitia wabunge wa jimbo umekuwa soko la kura. Machi 2019 rais mwenyewe alisimamisha kuanza kazi kwa maseneta wapya kwa sababu ya harufu ya rushwa.

Wapinzani wanaona kingine. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, na katiba mpya ndiyo njia rahisi ya kukikwepa. Hofu hiyo ina msingi katika historia yetu. Lakini hata tukiweka nia pembeni, katiba iliyopo haijawahi kutekelezwa kiasi cha kutosha kuhukumiwa. Elimu ya bure ilisubiri miaka 13. Na kifungu cha 175, ambacho kingeibadilisha Kavumu kuliko kingine chochote, hakijatekelezwa mpaka leo.

Pesa inavyopaswa kushuka, na inavyoshuka

Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na kinasema pesa hiyo ikatwe palepale inapokusanywa, kabla haijapanda Kinshasa. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu tawala za chini ikaongeza kwamba miji, komini, sekta na shefferi, yaani maeneo ya machifu wa jadi, zipate asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Piga hesabu: katika kila franka 100, 40 ni za majimbo, na katika hizo 16 ni za ngazi zilizo karibu kabisa na raia, mojawapo ikiwa shefferi ya Kabare ambayo Kavumu ni sehemu yake.

Hali halisi ni nyingine. Pesa yote hupanda Kinshasa, na kinachorudi hutolewa kama hisani ya waziri wa fedha: sehemu ndogo, iliyochelewa, na miezi mingine hakuna kabisa. Jimbo likikosa linabana shefferi, shefferi inambana mwananchi. Ndipo zinapozaliwa barieri za kodi kwenye barabara ya taifa namba 2, tozo za soko zisizo na risiti, na karatasi ambazo mama mwenye kikapu cha mboga halazimiki kisheria kuzilipa lakini analipa ili apite. Chukua mfano wa uwanja wa ndege. Tangu 2009 kila abiria wa Kongo alitozwa Go-Pass, dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, pesa ya kuendeleza viwanja. Ilikusanywa Kavumu miaka yote hiyo kwa ajili ya shirika la taifa la njia za anga, nje kidogo ya nyumba ambazo hazina maji wala umeme wa uhakika. Kijiji kilibeba kelele na ardhi iliyochukuliwa, na hakuna kitabu chochote ambamo mwanakijiji angeweza kusoma kilichorudi.

Upungufu wa pili ni wa kura. Baraza la shefferi, ambalo kisheria ndilo lingepanga na kukagua bajeti ya karibu, halijawahi kuchaguliwa tangu katiba ianze. Desemba 2023 wakazi wa Ibanda, Kadutu na Bagira, komini za Bukavu, walipata karatasi ya kuchagua madiwani. Mpiga kura wa Kavumu alichagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo, kisha akarudi nyumbani. Kwa mambo ya kisima, zahanati na daraja la miti, hana mtu aliyemchagua wa kumgongea mlango. Ana Mwami, ambaye nafasi yake ni ya urithi, na msimamizi wa teritwari, ambaye huteuliwa Kinshasa.

Rais mwenyewe alionekana kulitambua tatizo alipoanzisha mpango wa maendeleo ya teritwari 145, PDL-145T, wa shule, zahanati na majengo ya utawala. Wazo la kufika kila teritwari ni zuri. Ila tazama ulivyopangwa: pesa, wakandarasi na ratiba vyote viliamuliwa Kinshasa kupitia mashirika yaliyoteuliwa huko. Kazi ikisimama katikati, wazazi hawajui wamuulize nani, na kiongozi wa hapa anaweza kusema kwa haki kwamba si kazi yake.

Je, pesa ikishuka haitaliwa huku chini?

Hili ndilo pingamizi zito, na wanaopenda ugatuzi wasilikwepe. Liwali aliyechaguliwa Kivu Kusini mwaka 2019 aliandamwa na tuhuma za matumizi mabaya na hoja za kumwondoa, na wabunge wa jimbo waliokuwa wakimshambulia hawakuwa watakatifu. Mwizi wa Bukavu si bora kuliko wa Kinshasa kwa kuwa anaongea Kiswahili chetu.

Kenya inatusaidia kupima. Katiba yake inazipa kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, chini ya nusu ya asilimia zetu 40. Lakini asilimia 15 zile hufika, japo kwa kuchelewa na kwa ugomvi wa kila mwaka, na msimamizi wa bajeti huchapisha kila robo mwaka kaunti ipi imetumia nini. Wizi upo. Gavana wa zamani wa Kiambu, Ferdinand Waititu, aliondolewa mwaka 2020 na akahukumiwa Februari 2025 kwa ufisadi wa zabuni za barabara. Wapo wanaoitoa kesi hiyo kama ushahidi dhidi ya ugatuzi. Mimi naiona kinyume: madiwani waliochaguliwa walimshtaki, seneti ikamwondoa, na wananchi walijua barabara ipi haikujengwa kwa kuwa walipita hapo kila siku. Wizi wa karibu una jina na anwani.

Kwa hiyo nikizipima hoja zote, ile ya muda ilikuwa halali hadi Januari 2021 tu. Hoja ya wizi inaeleza dalili vizuri ila inatupeleka kumtafuta mkombozi. Hoja ya usalama ni ya kweli, lakini kuahirisha mengine kwa ajili yake kumejaribiwa na kumeshindwa. Katiba mpya ni jibu la swali ambalo hatukuuliza. Pesa na kura kushuka hakutatuponya yote. Kutaleta wezi wapya, kutakuza ugomvi wa kikabila juu ya nani ana haki ya ardhi na kiti, na kutawaumiza watu wa maeneo maskini kama mfuko wa taifa wa kusawazisha majimbo utaachwa mtupu. Gharama hizo nazikubali, kwa sababu hali ya sasa ina gharama zote hizo na haina faida yake.

Kavumu bila serikali iliyochaguliwa

Tangu Februari 2025 AFC/M23 wanateua viongozi na kukusanya kodi hapa. Kiongozi wa kisiasa wa AFC ni Corneille Nangaa, yuleyule aliyemtangaza Tshisekedi mshindi mwaka 2019. Nao wanasema wamekuja kuleta mageuzi. Lakini hakuna aliyewapigia kura, na kodi wanayotoza haina baraza la kuihoji. Benki zilifungwa, na mshahara wa mwalimu uliokuwa ukipita humo ukakosa njia. Hata elimu ya bure, ahadi pekee iliyokuwa imefika, sasa inaning'inia kwa moyo wa walimu.

Huko Doha na Washington, mwaka 2025, pande zinazopigana na majirani zao zilitia saini karatasi zinazotaja kusimamisha vita na kurudisha mamlaka ya serikali. Mazungumzo ya aina hiyo huamua nani arudi na cheo gani. Shirika la raia, makanisa na vyama vya walimu wa Kivu Kusini wanaweza kuyaongezea madai matatu yanayopimika, na wayaandike sasa kabla msafara wa magari haujarejea Bukavu: majina ya walimu wote wa Kabare, N.U. kwa wenye mshahara, yabandikwe kwenye mlango wa kila shule. Asilimia 40 ikatwe Bukavu, kuanzia mwaka wa kwanza wa bajeti, na hesabu yake isomwe redioni. Na uchaguzi wa baraza la shefferi upangiwe tarehe kabla ya ule wa rais wa 2028. Serikali itakayokataa madai haya itakuwa imetuambia mapema ni mageuzi gani inakusudia.